Pikipiki ya safari: anayekaa nyuma naye ana kura

Kabla ya kununua pikipiki yetu, mimi na mke wangu tulijaribu nne. Tunaishi Sheffield, Uingereza. Watoto wamekua, na dada yake mke wangu yuko Ujerumani, mjini Köln. Mpango wetu ni kupanda meli Newcastle jioni, kushuka IJmuiden karibu na Amsterdam asubuhi, kisha kwenda kwa shemeji kwa barabara, wawili juu ya pikipiki moja na nguo zetu pembeni. Kwa ndege ni rahisi zaidi, najua. Tumeshaambiwa na kila ndugu.

Mama Neema hakukataa, ila alikuwa na neno. Kaka yake aliendesha bodaboda Moshi kwa miaka mingi, akagongwa na gari, na mpaka leo anachechemea. Siku nilipoanza habari hii aliniangalia akasema, "Baba Neema, nitapanda. Lakini sipandi kitu ambacho sijakikalia kabla hakijalipiwa." Sharti hilo lilitusaidia kuliko magazeti yote ya pikipiki niliyosoma majira ya baridi.

Kwanza leseni, kwa sababu duka halikupi ufunguo bila kuiona. Hapa Uingereza mwenye leseni ya A2, ambayo unaweza kuipata ukiwa na miaka 19, haruhusiwi pikipiki inayozidi kilowati 35. Ukitaka leseni kamili ya A moja kwa moja, bila kupitia ngazi ya chini, uwe na miaka 24. Nenda na kofia yako, koti na glavu. Na kabla hujatoka nyumbani piga simu uulize mambo mawili: je, abiria anaruhusiwa kwenye majaribio? Na pikipiki ikianguka, ni kiasi gani unalipa mwenyewe kabla bima haijagusa chochote? Jibu la swali la pili linaweza kukukalisha kitako.

Duka moja lilituambia abiria hapana, hata kwa dakika tano. Tukashukuru, tukaenda lingine. Huko muuzaji aliongea na mimi tu kwa robo saa nzima, Mama Neema amesimama kando na kofia mkononi kama mtu anayesubiri daladala. Tuliondoka bila kujaribu kitu. Duka la tatu walimuuliza yeye kwanza, "Mama, unapenda kukaa vipi?" Hapo ndipo fedha zetu zilipobaki.

Hesabu ambayo watu wengi hawaipigi ni ya uzito. Kijitabu cha pikipiki kinataja uzito wa juu unaoruhusiwa. Toa uzito wa pikipiki yenyewe ikiwa na mafuta, na kinachobaki ndicho cha kwenu. Mimi nina kilo 84, yeye 68. Ongeza kofia, makoti na viatu, halafu mabegi ya pembeni yakiwa yamejaa: tulikaribia kilo 190. Kwenye pikipiki za ukubwa wa kati hesabu hiyo inabana kuliko unavyodhani.

Njia yetu ya majaribio ilikuwa moja: barabara ya Parkway hadi M1 na kurudi, ili tuusikie upepo, kisha A57 kupanda kuelekea bwawa la Ladybower, kwenye kona na miinuko. Kwanza mimi peke yangu, kisha wawili.

Nilianza na ile ya moyo wangu, Yamaha Ténéré 700. Jina lenyewe ni la jangwa, kipande cha Sahara kilichoko Niger, na pikipiki imeumbwa hivyo: nyembamba, ndefu, gurudumu la mbele la inchi 21. Peke yangu nilitabasamu njia nzima. Lakini kiti kiko milimita 875 kutoka ardhini, na mimi ni mtu wa futi 5 na inchi 6. Mama Neema alipoweka mguu apande, ikaegemea kushoto, nami naizuia kwa ncha za vidole. Akashuka kabla sijawasha injini. Hakusema kitu, na haikuhitajika. Tena matairi yake yana tyubu. Waliowahi kuziba pancha njiani wanajua tofauti: isiyo na tyubu unaichomeka kizibo pale pale, yenye tyubu unavua gurudumu zima.

Honda NX500 ilikuwa kinyume chake. Sentimita za ujazo 471, kilo 196, kiti milimita 830, na nguvu yake inaangukia ndani ya mpaka wa A2. Kwenye kipilefti inageuka kama baiskeli. Kijana wangu akitaka pikipiki ya kwanza nitampeleka hapo. Ila tukiwa wawili kwenye mlima nilikuwa nashusha gia kila mara, na kumpita lori kulihitaji subira. Ningekuwa mtu wa kusafiri peke yangu, nadhani hadithi ingeishia hapa.

Ndugu yake mkubwa, Transalp yenye injini ya 755, haikujali kama tuko wawili au mmoja. Ina nguvu farasi 90 na kidogo, inavuta bila kelele. Niliipenda. Bei ya mpya ndiyo iliyotufanya tutazamane.

Ya nne ni Kawasaki Versys 650, ambayo sikuwa nimeiwekea alama kwenye karatasi yangu. Haina sura ya jangwani. Magurudumu yote mawili ni ya inchi 17, ya lami, bila tyubu, na tangi linabeba lita 21. Lakini ina kitasa cha kuzungusha kwa mkono cha kukaza shokapu ya nyuma. Huenda msomaji akaona ni kitu kidogo. Abiria anapopanda, nyuma hudidimia, taa inaangalia mawinguni na usukani unakuwa mwepesi kwenye kona. Nilizungusha kitasa mara kadhaa, pikipiki ikakaa sawa, bila spana.

Na nyuma? Mama Neema alikuwa na vipimo vyake. Magoti yamekunjwa kiasi gani baada ya nusu saa. Mikono inashika wapi. Kofia zetu zinagongana kila nikishika breki, au la. Kwenye Versys vishikio viko mahali mkono unapotafuta, na kwenye M1 hakunigonga kisogoni hata mara moja. Tuliposimama Ladybower alivua kofia akasema, "Hapa naweza kusinzia," kisha akaona uso wangu akaongeza, "nimesema naweza."

Tulinunua iliyotumika miaka miwili, yenye kitabu cha huduma kilichogongwa mihuri yote. Cheni ilikuwa imechoka, tukawaomba waibadilishe ndani ya bei ile ile, wakakubali. Kwenye bima, hakikisha abiria ametajwa na safari ya Ulaya imo. Bei ya kwanza tuliyopewa haikuwa na vyote viwili.

Tumekubaliana alama za njiani: kofi moja begani, nipunguze mwendo. Mawili, nisimame, na sababu tutaijadili tukishasimama. Tiketi za meli ni za Juni. Kabla ya hapo tutalala usiku mmoja Whitby tukiwa na mabegi yamejaa kama ya Köln, maana mpaka sasa tumeiendesha bila mzigo. Orodha ya vitu imeshabandikwa kwenye friji. Jozi yangu ya pili ya viatu imekatwa kwa wino mwekundu.