Jiwe Lililokuwa Bahari: Ardhi Tunayoikalia na Maji ya Visima Vyetu

Wasomaji wetu wa Likoni na Kisauni wanalijua vyema jiwe jeupe lenye vitundu ambalo sururu hukutana nalo kila panapochimbwa msingi au kisima. Ukilitazama kwa makini, utaona humo umbo la tumbawe mfano wa sega la asali, vipande vya makombe na hata magamba ya konokono wa baharini. Jiwe hilo lilikuwa mwamba hai chini ya maji. Takriban miaka 125,000 iliyopita, bahari ilikuwa juu ya kiwango cha leo kwa mita kadhaa, na matumbawe yakastawi mahali ambapo leo pana mitaa yetu. Maji yalipopungua, mwamba ulibaki nchi kavu, na chokaa ya viumbe hao ikashikamana ikawa jiwe.

Changamwe ina historia kongwe zaidi. Miamba ya huko ni ya udongo wa bahari ulioganda takriban miaka milioni 150 iliyopita, na ndani yake yamepatikana magamba yaliyojiviringa ya amonaiti, jamaa wa kale wa pweza na ngisi waliokwisha kutoweka duniani. Ukipanda bara kuelekea Rabai na Kambe, utakuta chokaa ya bahari iliyo kongwe kuliko hiyo.

Wazee wetu walilitumia jiwe la pwani kwa maarifa. Jiwe gumu la nchi kavu lilijenga kuta. Tumbawe lililotolewa baharini, ambalo ni laini lingali bichi, lilichongwa kuwa mihrabu na miimo ya milango. Na mengine yakachomwa kupata chokaa ya kuunganishia na kupakia. Ngome ya Fort Jesus, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, imesimama juu ya mwamba huo huo. Katika zama zetu, kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza uzalishaji mwaka 1954 kwa kuchimba matumbawe hayo ya kale. Machimbo yalibaki uwanda mkavu, hata mwaka 1971 René Haller alipoanza kupanda miti. Mivinje ilishika, jongoo wakasaidia kugeuza majani yake kuwa udongo, na leo watoto wetu hutembezwa msituni humo.

Lakini jambo linaloigusa kila nyumba ni maji. Kwa kuwa jiwe hili lina vitundu na nyufa, mvua hupenya upesi na kukusanyika chini, ambako maji matamu huelea juu ya maji ya chumvi yatokayo baharini. Ndiyo maana kisima kinachovutwa kwa pampu kupita kiasi hugeuka chumvi. Na njia ipitayo mvua ndiyo ipitayo uchafu wa choo cha shimo: mwamba wenye nyufa hauchuji kama udongo mzito uchujavyo. Uchunguzi wa maji ya ardhini Kisauni umekwisha kuonyesha vijidudu vya kinyesi katika visima vya watu. Maji yaweza kuwa maangavu machoni nayo yamebeba maradhi ya kuhara na kipindupindu.

Kwa hiyo twawanasihi kina mama na wakuu wa nyumba: kabla ya kuchimba kisima, ulizeni shimo la choo la jirani liko wapi, si lenu peke yake, kwani chini ya ardhi hakuna ua. Kisima kijengewe ukingo na kifunikwe, na ndoo yake isiwekwe chini. Maji ya kunywa, na hasa ya watoto wachanga, yachemshwe au yatiwe dawa, ingawa kuchemsha hakuondoi chumvi. Tena, majirani wanaokusudia kuchimba mashimo mapya na waketi pamoja kwanza, wapange mahali pa choo na mahali pa kisima. Jiwe tulilorithi linatuunganisha chini kwa chini, na uzembe wa nyumba moja hunywewa na mtaa mzima.