Kanzidata za afya katika utafiti wa masikio, pua na koo

Kanzidata za afya ni mikusanyo mikubwa ya taarifa za wagonjwa na matibabu inayohifadhiwa kwenye kompyuta. Katika tiba ya masikio, pua na koo hutumika kuchunguza maradhi kama usaha wa sikio, upotevu wa kusikia, mafindofindo na saratani ya koo.

Matumizi

Faida yake kuu ni wingi wa watu. Ugonjwa usiotokea mara nyingi hauwezi kueleweka vizuri kwa wagonjwa wachache wa hospitali moja. Huko Taiwan, bima ya afya ya taifa iliyoanza mwaka 1995 huhudumia karibu wakazi wote, hivyo mtafiti anaweza kufuatilia mtu yuleyule kwa miaka mingi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kwa taarifa za bima hiyo ulionyesha kwamba waliolazwa kwa kupoteza usikivu ghafla walipata kiharusi takriban mara 1.6 zaidi ya wagonjwa waliolinganishwa nao.

Nchini Tanzania

Zahanati, vituo vya afya na hospitali hutumia Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya (MTUHA). Mgonjwa wa nje huandikwa katika rejista, na kila mwezi jumla ya wagonjwa wa kila ugonjwa hupelekwa wilayani. Huko jumla hizo huingizwa katika programu ya DHIS2, iliyobuniwa kwenye Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei.

Kwa njia hiyo mtoto wa kata ya Likombe, katika Manispaa ya Mtwara Mikindani, anayetibiwa usaha wa sikio huwa sehemu ya takwimu za taifa. Lakini kinachofika wilayani ni idadi tu: haionyeshi kama usaha ulirudi, wala kama mtoto bado anasikia vizuri darasani.

Mipaka

Mahudhurio si sawa na wagonjwa, kwani mtu mmoja anaweza kutibiwa mahali tofauti na kuhesabiwa zaidi ya mara moja. Aliyebaki nyumbani au aliyenunua dawa dukani hahesabiwi kabisa. Pale pasipo kifaa cha kupima usikivu, uziwi hauandikwi, na idadi ndogo inaweza kudhaniwa kuwa ugonjwa ni haba. Wakati huohuo, Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu zaidi ya bilioni 1.5 duniani wana upungufu wa kusikia wa kiwango fulani.

Tena, mambo mawili kuonekana pamoja katika kanzidata hakuthibitishi kwamba moja limesababisha lingine.

Siri za wagonjwa

Majina huondolewa kabla ya taarifa kutumika katika utafiti. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, nayo huhesabu taarifa za afya kati ya zile zinazohitaji ulinzi wa pekee.