Uvujaji wa maji ya rejeta

Uvujaji wa maji ya rejeta ni hitilafu ya gari ambapo maji au dawa ya kupozea injini (kulanti) hupungua kwa kutoka nje ya mfumo wake au kwa kuingia sehemu za ndani za injini. Hutokea zaidi katika magari ya zamani, ambayo mipira yake imekauka, vyuma vimeliwa na kutu na gasketi zimechoka. Uvujaji unaoonekana wazi ni rahisi kutengeneza. Mgumu ni ule uliofichika: dereva anaongeza maji kila baada ya siku chache, lakini chini ya gari hakuna hata tone. Usipotafutwa mapema, injini huchemsha, gasketi ya hedi huungua, na hedi yenyewe hupinda au kupasuka.

Mfumo unavyofanya kazi

Pampu ya maji husukuma maji kupitia bloku na hedi ili yachukue joto. Thamostati hubaki imefunga mpaka injini ipate moto wa kutosha, mara nyingi kati ya digrii 82 na 88 za Selsiasi, kisha huyaruhusu maji yaende kwenye rejeta kupozwa na upepo.

Kifuniko cha rejeta kina springi inayozuia mvuke kutoka, hivyo mgandamizo huongezeka ndani. Kifuniko cha ba 0.9, ambacho ni cha kawaida, hupandisha kiwango cha kuchemka cha maji matupu kutoka digrii 100 hadi takriban 119 kwenye usawa wa bahari. Sili ya kifuniko ikichakaa, mgandamizo haujengeki. Maji huchemka mapema na kutoka kama mvuke bila kuacha alama chini ya gari.

Magari ya milimani

Kadiri mtu anavyopanda juu, maji huchemka kwa joto dogo zaidi. Kwa kila mita 300 kiwango hicho hushuka kwa takriban digrii 1, na kwenye mwinuko wa mita 1,500 maji yaliyo wazi huchemka kwenye digrii 95 hivi.

Mfano ni Mkoa wa Ruvuma nchini Tanzania. Uso wa Ziwa Nyasa uko takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari, wakati mji wa Mbinga uko kwenye nyanda za juu za Umatengo. Gari linalotoka Mbamba Bay na mzigo kwenda Mbinga, njia ya takriban kilomita 66, hupanda zaidi ya mita 700, mara nyingi kwa gia nzito, feni ikisaidiwa na upepo mdogo. Uvujaji ambao hauonekani gari likitembea tambarare kando ya ziwa hujitokeza mlimani. Kwa magari yanayohudumia kata za mbali kama Liparamba, karibu na mpaka wa Msumbiji, kuchemsha njiani kunaweza kumaanisha kuvutwa safari ndefu mpaka kwenye gereji.

Mahali panapovuja

Uvujaji wa nje hutokea zaidi katika sehemu zifuatazo:

- Mipira ya rejeta na klipu zake. Klipu iliyolegea inaweza kuvuja injini ikiwa baridi, kisha ikaacha mpira ukipata moto na kutanuka.
- Pampu ya maji. Pampu nyingi zina tundu dogo chini ya shafti. Maji au ukoko hapo ni dalili kuwa sili imekwisha.
- Maungio ya rejeta, hasa pale tangi la plastiki linapobanwa na alumini. Ufa mwembamba hufunguka maji yakiwa ya moto tu.
- Vifuniko vya bati vilivyopigwa kwenye matundu ya bloku. Huliwa na kutu kutoka ndani, na vingine viko nyuma ya injini ambako havionekani.
- Hita. Rejeta yake ndogo iko ndani ya dashibodi. Ikivuja, kapeti ya abiria wa mbele hulowa, vioo huwa na ukungu wenye mafuta na harufu tamu husikika.
- Mabomba ya hita ya nyuma. Baadhi ya mabasi madogo yaliyotumika Japani, kama Toyota Hiace na Noah, yana mabomba yanayopita chini ya sakafu. Hushika kutu bila mwenye gari kujua kuwa yapo.

Kila injini ina udhaifu wake. Kwa Land Rover zenye injini ya 300Tdi, iliyoanza kutumika mwaka 1994, gasketi ndogo iliyo kati ya nyumba ya pampu na bloku hujulikana kwa kuvuja. Maji huteremka kwenye bloku na kukaukia hapo, na pampu yenyewe hubadilishwa bure.

Uvujaji wa ndani husababishwa na gasketi ya hedi iliyoungua au ufa kwenye hedi au bloku. Injini nyingi zina bloku ya chuma na hedi ya alumini. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma, hivyo injini ikichemsha, hedi hupinda na gasketi hupoteza mkazo.

Hatua za kutafuta

Kazi huanza injini ikiwa baridi, na hutoka kwenye vipimo rahisi kwenda kwenye vigumu.

1. Kupima upungufu. Maji hujazwa hadi alama, na kiasi kinachoongezwa huandikwa pamoja na kilomita zilizotembewa na aina ya barabara.
2. Kuosha na kukausha injini. Matone huteremka na kupeperushwa na feni, kwa hiyo chanzo mara nyingi kiko juu na mbele ya mahali palipolowa. Maji yaliyokauka kwenye chuma cha moto huacha ukoko mweupe, wa kijani, mwekundu au wa kutu.
3. Kutandika boksi lililokunjuliwa chini ya gari usiku. Pampu ikisimama, joto na mgandamizo huongezeka kwa muda, hivyo baadhi ya matundu huvuja baada ya injini kuzimwa tu.
4. Kujaza mgandamizo. Pampu ya mkono yenye geji hufungwa badala ya kifuniko, na mfumo hujazwa hadi kiwango kilichoandikwa kwenye kifuniko, bila kuzidisha. Geji ikishuka na hakuna tone nje, maji yanaingia ndani. Kifuniko nacho hupimwa.
5. Kukagua oili. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji. Povu kidogo chini ya kifuniko cha oili pekee si uthibitisho, kwani linaweza kutokana na unyevu wa safari fupi.
6. Kukagua plagi. Katika injini ya petroli, plagi moja iliyo safi kuliko nyingine inaweza kuwa imeoshwa na mvuke.
7. Kupima gesi. Hewa ya juu ya maji ya rejeta hupitishwa kwenye kimiminika cha bluu. Kikigeuka njano, gesi ya mwako inaingia kwenye maji. Mpira wa juu kuwa mgumu muda mfupi baada ya kuwasha injini ya baridi huashiria jambo hilohilo.

Injini iliyogoma kuzunguka asubuhi isilazimishwe. Huenda silinda imejaa maji, na kwa kuwa maji hayagandamiziki, konrodi inaweza kupinda. Plagi hutolewa kwanza, kisha injini huzungushwa. Silinda inayorusha maji ndiyo yenye tatizo.

Marekebisho yanayozidisha tatizo

Kutoa thamostati ni desturi katika gereji nyingi. Injini huchelewa kupata moto, hula mafuta zaidi, na uvujaji hubaki palepale. Dawa za kuziba matundu zinaweza kuziba pia njia nyembamba za rejeta na hita. Maji ya mto au kisima huleta chumvi na tope, na hayana kinga ya kutu iliyomo kwenye kulanti. Kufunga gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda hurudisha tatizo. Hedi hupimwa kwa rula ya chuma na kukaguliwa nyufa kabla ya kurudishwa. Baada ya matengenezo, hewa iliyobaki ndani hutolewa, la sivyo injini huchemsha ingawa rejeta imejaa.

Usalama

Kifuniko hakifunguliwi injini ikiwa ya moto. Mgandamizo ukiondoka ghafla, maji huchemka papo hapo na kuruka, na yanaweza kuunguza uso na mikono vibaya. Maji baridi hayamwagwi kwenye injini iliyochemsha, kwa sababu hedi inaweza kupasuka. Kulanti nyingi zina ethilini glaikoli, ambayo ni sumu yenye ladha tamu. Haihifadhiwi kwenye chupa za soda au maji ya kunywa, na iliyomwagika huoshwa mara moja ili watoto na wanyama wasiilambe.

Tazama pia

- Injini
- Rejeta
- Land Rover
- Wilaya ya Nyasa