Kunyamazisha Jeni: Maelezo ya ARN Fupi Nyamazishi na Mfano wa Ugonjwa wa Ebola

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza, kwa Kiswahili kinachojitosheleza, mbinu ya utafiti wa maradhi iitwayo kunyamazisha jeni. Mwandishi si tabibu wala mwanabiolojia, ni mwanaisimu. Kilichomsukuma kuingia katika uwanja wa wenzake ni swali aliloulizwa darasani, wakati wa somo la uundaji wa istilahi za sayansi. Baada ya kusikia istilahi hiyo, mwanafunzi mmoja aliuliza kwa Kiswahili cha hapa kwetu Lubumbashi: "Sasa ile dawa haitanyamazisha na batoto benye tutazala?" Maana yake ni kwamba, je, dawa hiyo haitawanyamazisha na watoto tutakaowazaa?

Wenzake walicheka, lakini swali lilikuwa na uzito. Mgonjwa anayeombwa akubali dawa ya majaribio ana haki ya kuuliza hivyo hivyo, na jibu atakalopewa litategemea kwa kiasi kikubwa kitenzi kimoja kilichochaguliwa na mfasiri. Tutaeleza kwanza jinsi mbinu yenyewe inavyofanya kazi, kisha tutatazama mfano wa Ebola, ugonjwa uliotambuliwa nchini mwetu, na mwishoni tutarudi kwenye kitenzi hicho.

2. Jeni na mjumbe wake

Katika karibu kila seli ya mwili kuna maandishi marefu ya urithi, yaani ADN (wenzetu wa Tanzania na Kenya, wakifuata kifupisho cha Kiingereza, huandika DNA, vivyo hivyo sisi tunaandika ARN na wao RNA). Jeni ni sehemu ya maandishi hayo yenye maagizo ya kutengeneza, mara nyingi, protini fulani. Protini ndizo zinazojenga mwili na kuuendesha.

Tuchukue mfano wa kiwanda cha shaba, jambo ambalo mtu wa Katanga hahitaji kuelezwa. Mchoro asilia wa mtambo hutunzwa ofisini, wala hautolewi nje. Fundi anapouhitaji, karani hunakili sehemu inayomhusu, na mjumbe huipeleka nakala hiyo karakana. Katika seli, mchoro asilia ni ADN. Nakala inayosafiri ni ARN mjumbe. Karakana ni mahali protini zinapoundwa. Basi mtu akitaka kuzuia kifaa fulani kisitengenezwe, ana njia mbili. Anaweza kuingia ofisini na kuuharibu mchoro wenyewe, au anaweza kumvizia mjumbe njiani na kuichana ile barua, au mukanda kama wasemavyo wengi hapa mjini. Kunyamazisha jeni kwa ARN fupi ni njia hii ya pili. Ofisi haiguswi.

3. Jinsi barua inavyochanwa

ARN huandikwa kwa herufi nne tu: A, U, G na C. Kila herufi ina mwenzake: A hushikana na U, na G hushikana na C. Kwa hiyo, kipande cha ARN mjumbe chenye herufi AUGCCA kitashikana barabara na kipande chenye herufi UACGGU.

Watafiti hutunga kipande cha ARN chenye nyuzi mbili, kila uzi ukiwa na herufi 21 hivi. Kipande hicho kikiingia ndani ya seli hupokewa na kundi la protini, na mojawapo ya protini hizo huitwa Argonaute. Uzi mmoja hutupwa. Wa pili hubaki kama kielekezi. Argonaute huupitisha uzi huo juu ya barua zinazosafiri katika seli mpaka ikutane na barua ambayo herufi zake zinashikana na za kielekezi. Hapo huikata. Barua iliyokatwa huharibiwa, na protini iliyoagizwa haitengenezwi, au hutengenezwa kidogo tu. Kisha kielekezi kile kile huendelea kutafuta barua nyingine ya aina hiyo.

Ndiyo maana mbinu hii imekuwa chombo kikubwa cha utafiti. Mtafiti asiyejua kazi ya jeni fulani huinyamazisha katika seli alizozikuza maabara, kisha hutazama ni jambo gani limeharibika. Ni sawa na mwanaisimu anayeondoa mofimu moja katika neno ili agundue mofimu hiyo ilikuwa na dhima gani.

Uvumbuzi huu haukufika kwa siku moja. Mnamo mwaka wa 1990, watafiti waliotaka kukoleza rangi ya maua ya petunia waliongeza jeni ya rangi, nao wakastaajabu kuona baadhi ya maua yakitoka meupe. Mwaka 1998 Andrew Fire na Craig Mello, wakichunguza mnyoo mdogo sana, walionyesha kwamba ARN ya nyuzi mbili ndiyo inayonyamazisha. Kazi hiyo iliwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2006. Katika seli za binadamu, hata hivyo, ARN ndefu ya nyuzi mbili huamsha kengele ya kinga kana kwamba virusi vimeingia. Mwaka 2001 kundi la Thomas Tuschl nchini Ujerumani lilionyesha kwamba vipande vifupi vya herufi 21 hupita bila kuamsha kengele hiyo na hufanya kazi ipasavyo. Dawa ya kwanza ya aina hii, patisiran, iliidhinishwa mwaka 2018 kwa ajili ya ugonjwa wa kurithi unaoharibu neva.

4. Mfano wa Ebola

Ugonjwa wa Ebola ulitambuliwa mwaka 1976 huko Yambuku, kaskazini mwa nchi yetu, na ukapewa jina la mto ulioko katika eneo hilo. Ulirudi kwa ukali Kikwit mwaka 1995. Virusi vyake havina ADN. Jeni zake 7 zimeandikwa katika uzi mmoja wa ARN wenye herufi karibu 19,000, na kutokana na uzi huo hunakiliwa ARN mjumbe zinazoilazimisha seli ya mgonjwa kutengeneza protini za virusi. Kwa adui wa namna hii, wazo la kuchana barua lina mvuto wa pekee.

Mwaka 2010 Thomas Geisbert na wenzake walitangaza katika jarida la Lancet matokeo ya majaribio yao kwa nyani walioambukizwa Ebola. Vipande vya ARN fupi, vikiwa vimefungwa ndani ya vitone vidogo mno vya mafuta ili visiharibike katika damu, vililenga jeni za virusi, ikiwemo ile ya kimeng'enya kinachovinakili virusi na ile ya protini inayosaidia kuvificha mbele ya kinga ya mwili. Nyani watatu walipewa dozi 4, na wawili wakapona. Nyani wanne walipewa dozi 7, na wote wakapona.

Mlipuko mkubwa wa Afrika Magharibi ulipotambuliwa mwaka 2014 lilijitokeza tatizo ambalo mwanaisimu atalielewa upesi. Virusi vya huko, vilivyoitwa Makona, pia kwa jina la mto, vilikuwa ndugu wa karibu wa vile vya Kikwit, lakini tahajia yao ilitofautiana kidogo. Katika Kiswahili, kubadili fonimu moja hugeuza "pata" kuwa "bata". Wakati mwingine, hata hivyo, msikilizaji husamehe: msemaji asiyetofautisha /l/ na /r/ hueleweka tu anapotamka "kura" kama "kula". Argonaute nayo husamehe makosa fulani na kukataa mengine, kutegemea mahali herufi iliyobadilika ilipo. Watengenezaji hawakutaka kubahatisha; walisahihisha herufi chache katika dawa ili zilingane na za Makona. Mwaka 2015 ilitangazwa katika jarida la Nature kwamba dawa hiyo mpya iliwaokoa nyani wote watatu walioanza kuipokea siku 3 baada ya kuambukizwa.

Kwa binadamu mambo hayakuwa hivyo. Kuanzia Machi hadi Juni 2015 dawa hiyo, iliyoitwa TKM-130803, ilijaribiwa Port Loko nchini Sierra Leone. Wagonjwa 14 waliipokea. Wawili walifariki kabla ya saa 48 kupita tangu walazwe. Kati ya 12 waliosalia, 9 walifariki. Jaribio likasimamishwa. Wagonjwa wengi walikuwa na virusi vingi mno tangu mwanzo, nalo jaribio, kwa udogo wake na kwa kukosa kundi la kulinganisha lililopangwa kwa kura, halikuweza kubainisha kama kosa lilikuwa la dawa au la kuchelewa kuipata. Kuchana barua kunafaa zaidi pale ambapo barua bado ni chache.

Ebola ilipozuka Kivu ya Kaskazini na Ituri, mwaka 2018 hadi 2020, watu zaidi ya 2,200 walifariki. Katika jaribio kubwa la tiba lililoanza Novemba 2018 kwenye vituo vya eneo hilo, ARN fupi haikuwa miongoni mwa dawa nne zilizolinganishwa. Zilizoshinda zilikuwa dawa mbili za kingamwili, na mojawapo ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola Kikwit mwaka 1995. Mbinu ya kunyamazisha haikufa kwa sababu hiyo. Imefanikiwa zaidi katika maradhi ya polepole, hasa yale ambayo protini yake hutengenezwa na ini, ambako vitone vya mafuta hufika kwa urahisi.

5. Kitenzi kinachofaa

Sasa turudi kwenye swali la mwanafunzi. Mfasiri wa Kiswahili anaweza kufikiria vitenzi vinne: kuua, kufuta, kuzima na kunyamazisha. Kuua jeni hakufai, kwa kuwa jeni haifi. Kufuta kunapotosha zaidi, kwa sababu ziko mbinu nyingine ambazo kweli hubadili maandishi ya ADN, na neno hilo lihifadhiwe kwa ajili ya mbinu hizo. Kuzima si kubaya, ila kunadokeza kwamba kitu kimekoma kabisa, ilhali mara nyingi protini hupungua tu.

Kunyamazisha ni kitenzi cha kusababisha kitokanacho na nyamaza. Aliyenyamazishwa hakukatwa ulimi. Akiachwa, atasema tena. Ndivyo ilivyo kwa jeni: vipande vya ARN fupi huisha mwilini, barua huanza kusafiri upya, na ndiyo maana dozi hurudiwa. Kwa hiyo tunapendekeza istilahi "ARN fupi nyamazishi", kwa mfano wa "isimu linganishi" na "isimu tumizi".

Lakini kitenzi hiki nacho kina kasoro. Katika maeneo yaliyoona vita, kumnyamazisha mtu ni neno la kutisha. Kwa hiyo kisitumike bila shamirisho: isisemwe "dawa ya kunyamazisha", bali "dawa ya kunyamazisha jeni ya virusi", ili mgonjwa asikie wazi ni nani anayenyamazishwa.

6. Hitimisho

Jibu la mwanafunzi wetu, basi, ni hili: dawa hii huchana barua, haigusi mchoro ulioko ofisini, kwa hiyo kunyamazisha huko si jambo la kurithiwa na watoto. Alijibiwa hivyo, naye akauliza tena: "Na mukanda wa mtu mwingine je, hauwezi kupasuliwa kwa makosa?" Unaweza, iwapo herufi zake zinafanana mno na za ule uliokusudiwa, na hilo ni mojawapo ya mambo ambayo watafiti hulazimika kuyachunguza kabla dawa haijafika kwa binadamu. Maswali yake mawili hayakuhitaji Kifaransa wala Kiingereza ili yaulizwe, wala hayakukihitaji ili yajibiwe.