Samaki Wakaao Makombeni

Sato wa sokoni ni wa jamii ya sikilidi. Katika jamii hiyohiyo wamo samaki wadogo mno, na mmojawapo ni Neolamprologus multifasciatus wa Ziwa Tanganyika: dume hufikia takriban sentimita 5 tu, na jike ni mdogo zaidi. Samaki huyu mwenye milia ya kahawia, aliyeelezwa kisayansi na George Albert Boulenger mwaka 1906, huishi ndani ya makombe matupu ya konokono Neothauma. Maji ya ziwa hilo yana chokaa ya kutosha, hivyo makombe hayaliki upesi. Hurundikana chini yakawa vijiji vya samaki.

Mfugaji naye hana budi kuanzia kwenye makombe na mchanga. Tangi la kioo la lita 60 latosha kwa dume mmoja na majike matatu au manne. Mchanga uwe laini, wa kina cha sentimita 5 hivi, maana samaki hawa ni wachimbaji hodari: huubeba kwa kinywa, wakalifukia kombe na kubakiza mlango tu. Makombe yazidi idadi ya samaki. Yakipungua, ugomvi hauishi. Joto liwe nyuzi 24 hadi 27, na pH kati ya 8 na 9. Maji ya mvua peke yake hayafai kwa kukosa chokaa. Mchanga wa matumbawe, uliooshwa hadi chumvi ikaisha, huyasaidia.

Kinachoua samaki wengi ni haraka ya mfugaji. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo pH ikiwa juu huwa sumu kali zaidi. Bakteria wa kuibadili huchukua wiki kadhaa kuongezeka katika chujio. Basi tangi liendeshwe bila samaki kwa mwezi mmoja au zaidi, likitiwa chakula kidogo ili bakteria hao wapate riziki. Maji ya bomba yaondolewe klorini kwanza.

Kuzaliana hakuhitaji ujanja. Jike hutaga ndani ya kombe lake, hulinda mayai na kuyapepea, na baada ya wiki moja na kitu vifaranga huchungulia nje. Artemia wachanga, yaani vijikamba vidogo mno, ndio chakula chao bora. La kupendeza zaidi ni kwamba wazazi hawawafukuzi wanapozaa tena. Ndugu wa rika mbalimbali hukaa kijiji kimoja. Kundi likijaa, wanaohamishwa wachukuliwe pamoja na makombe yao, kwani wakishtuka hukimbilia humo.