Walioitwa Saa Kumi na Moja

Popote mlipo jioni hii, kama mmeketi mezani au bado mko jikoni, naomba mnipe dakika chache.

Nimepata barua kutoka kwa mama mmoja, mzee wa kanisa katika ushirika wetu. Anasema dada yake mkubwa aliolewa kwa Wakatoliki, naye akawa Mkatoliki. Mumewe alifariki miaka sita iliyopita. Dada huyu alikuwa mwalimu na amestaafu mapema. Sasa ana miaka 54. Ana watoto watatu. Wawili wanajitegemea, na kitinda mimba yuko kidato cha tatu. Mwezi wa Desemba aliwakusanya jamaa akawaambia kwamba anataka kuwa sista. Shemeji mmoja aliondoka bila kumaliza chai. Mwingine akauliza shamba litakuwa la nani. Mama huyu anamaliza hivi: "Mchungaji, je, nimzuie? Na kama si haki kumzuia, ni nyumba gani ya watawa itakayompokea? Ameandikia mashirika mawili, na yote mawili yamemjibu kwamba umri umepita."

Jibu langu la kwanza lilikuwa na mistari mitano. Nilisema mambo ya masista si yetu, na kwamba dada yake akae nyumbani, aombe na kulea mtoto. Mke wangu aliisoma barua kabla sijaifunga akaniuliza, "Baba, wewe ulipoacha ukarani ukaenda chuo cha theolojia na miaka arobaini na miwili, ni nani aliyekuambia umri umepita?" Barua ile sikuituma. Nilikwenda kuuliza na kusoma, na leo nawaeleza niliyoyapata.

Tuseme wazi kwanza kwamba sisi ni Waprotestanti. Martin Luther alikuwa mtawa, akaacha, na mwaka 1525 akamwoa Katharina von Bora, ambaye naye alikuwa ametoka katika nyumba ya watawa. Baba zetu hawakukubali kwamba nadhiri humpa mtu haki mbele za Mungu, nasi hatukubali hata leo. Lakini si kweli kwamba Waprotestanti hawakujua kabisa maisha ya akina mama waliojitoa pamoja kwa kazi ya Bwana. Mwaka 1836, huko Kaiserswerth katika Ujerumani, mchungaji Theodor Fliedner alianzisha nyumba ya mashemasi wa kike wa kuwahudumia wagonjwa. Kwa hiyo tusikilize bila haraka.

Kwa nini mashirika mengi humkataa mwanamke wa miaka 54? Nilidhani ni sheria ya Roma. Sivyo. Sheria ya Kanisa Katoliki iliyotolewa mwaka 1983 inataja umri wa chini: mtu asianze unovisi kabla ya kutimiza miaka 17. Umri wa juu haukutajwa. Kila shirika hujiwekea kikomo chake, na kwa wengi kikomo hicho ni cha ujana.

Wana sababu zao. Mafunzo ni marefu. Mtu hukaa kwanza muda wa kujaribiwa, kisha unovisi wa miezi 12 au zaidi, lakini usizidi miaka miwili, kisha nadhiri za muda kwa miaka isiyopungua mitatu, ndipo aweze kuweka nadhiri za daima. Aingiaye na miaka 54 atakuwa karibu na 60 akimaliza. Tena shirika lina wajibu wa kumpa mtawa wake kila anachohitaji mpaka kufa, na nyumba zenye wazee wengi wagonjwa huogopa kuongeza mwingine. Na kuna jambo ambalo akina mama mtalielewa kuliko mimi. Mwanamke aliyeshika funguo za nyumba yake kwa miaka thelathini ataagizwa na mkuu wa jumuiya, pengine mdogo kwake kwa umri, ni lini apike na ni lini anyamaze. Si kila mmoja awezaye.

Hata hivyo, kumekuwa na watu waliofungua mlango huu kwa makusudi. Mmoja ni Jeanne-Françoise de Chantal wa Ufaransa. Alizaliwa Dijon mwaka 1572. Mwaka 1601 mumewe alipigwa risasi kwa ajali katika uwindaji akafa, akamwachia mvulana mmoja na wasichana watatu. Ilimbidi aishi na watoto kwa baba mkwe wake, mzee mkali, na miaka ile ilikuwa michungu. Mwaka 1604 alikutana na askofu François de Sales. Wasikilizaji wa Presbyterian watatabasamu hapa, kwa maana huyu aliitwa askofu wa Geneva lakini hakuweza kukaa Geneva, kwa kuwa mji ule ulikuwa umefuata matengenezo ya Calvin. Alikaa Annecy, mji mdogo wa jirani.

Jeanne alitaka kuingia utawani upesi. Askofu alimwambia angoje, naye akangoja miaka kadhaa. Mwezi wa Juni 1610, akiwa na miaka 38, alianza pamoja na wenzake wawili katika nyumba moja huko Annecy. Ndiyo mwanzo wa shirika la Visitation, lililoitwa kwa kumbukumbu ya Mariamu alipomtembelea Elisabeti. Nia ya askofu ilikuwa hii: wako wajane, wanawake wa umri mkubwa na wanawake wenye afya dhaifu wanaompenda Mungu, lakini hawawezi kufunga kwa ukali na kuamka usiku wa manane kama yalivyodai mashirika ya siku zile. Basi kanuni ya nyumba hii ilipunguza mateso ya mwili na kukaza unyenyekevu na upole. Mwanzoni waliwatembelea wagonjwa mjini. Baadaye, mwaka 1618, walifungiwa ndani kabisa, kwa sababu viongozi wa kanisa hawakupenda masista wazururao. Jeanne alipokufa mwaka 1641 nyumba zilikuwa zaidi ya 80. Kwa hiyo anayetafuta leo hawi mjinga akianza na shirika la namna hii, ambalo wajane na wadhaifu walikuwa katika nia yake tangu siku ya kwanza.

Lakini ziko habari zake ambazo kwangu ni ngumu. Inasimuliwa kwamba siku ya kuondoka Dijon, mwanawe wa kiume, kijana wa miaka kama 14, alijilaza kizingitini ili mama asipite. Mama alilia, kisha akamruka akaenda. Ni kweli kwamba alikuwa amewapangia watoto: binti mmoja alikwisha kuolewa, mwingine alikwenda pamoja naye, na kijana aliachwa kwa babu yake ili asome. Ni kweli pia kwamba aliendelea kuwashughulikia. Hata hivyo mimi ni mzazi, na kizingiti kile hakinitoki moyoni. Paulo katika 1 Timotheo 5, mstari wa 8, anasema kwa ukali juu ya mtu asiyewatunza wa nyumbani mwake. Nadhani hapa mashemeji wana neno, ingawa walilisema vibaya. Mtoto wa kidato cha tatu bado anahitaji mama wa kumfungulia mlango siku shule ikifungwa.

Mwingine ni wa siku zetu. Mary Clarke alizaliwa Marekani mwaka 1926, akalelewa Beverly Hills kati ya matajiri. Aliolewa mara mbili, na ndoa zote mbili zikavunjika. Alilea watoto saba. Kwa miaka mingi alipeleka dawa na nguo katika gereza la La Mesa, mji wa Tijuana, Meksiko. Watoto walipokua, mwishoni mwa miaka ya 1970, yeye akiwa na miaka kama 50, alihamia ndani ya gereza lenyewe, akalala katika chumba kidogo upande wa wanawake. Mwanamke wa umri ule aliyeachana na mume hakuwa mtu wa kupokelewa kwa urahisi katika mashirika ya kawaida. Alijishonea vazi la kitawa, akaweka nadhiri zake faraghani, na baadaye maaskofu wakaikubali kazi yake. Akajulikana kwa jina la Mother Antonia. Wafungwa walimwita Mama. Alikaa kati yao zaidi ya miaka 30, akafa Oktoba 2013 akiwa na miaka 86.

Wanawake wengine wa makamo walipotaka kumfuata, alianzisha jumuiya kwa ajili ya akina mama wa miaka 45 na kuendelea, na askofu wa Tijuana akaikubali rasmi mwaka 2003. Jina lake ni watumishi wa saa ya kumi na moja, kutoka Mathayo 20, mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu. Wazungu hulazimika kueleza saa hiyo ni ipi. Sisi tukitazama jua tunaijua. Ni saa kumi na moja jioni, ng'ombe wanarudi, na mwenye shamba bado anatoka sokoni kutafuta vibarua. Angalieni pia aliwauliza nini wale waliosimama. Hakuwauliza umri. Aliwauliza kwa nini wamesimama kutwa bila kazi, nao wakajibu kwamba hakuna aliyewaajiri.

Basi, dada huyu afanye nini? Aanze na paroko wake, na kwa msaada wake amfikie padre au sista anayeshughulikia miito katika jimbo. Akiandikia shirika, aweke umri wake katika mstari wa kwanza pamoja na kwamba ni mjane na mama, ili asipoteze miezi kwa barua zisizo na matumaini. Aulize kama wamewahi kumpokea mjane na kama huyo alikaa. Aulize ni nani atakayemtunza akipatwa na ugonjwa kabla ya nadhiri za daima. Na kabla ya kujibiwa "karibu", aombe kukaa nao juma moja au mawili, afue nao na kuamka nao.

Juu ya shamba, mashemeji watulie. Kwa sheria ileile ya 1983, anayeingia hukabidhi usimamizi wa mali yake, kabla ya nadhiri za kwanza, kwa mtu amtakaye, na kabla ya nadhiri za daima huandika wosia unaokubalika hata serikalini. Kwa hiyo shamba laweza kubaki kwa watoto, naye afanye hivyo mapema, mbele ya wakili. Pensheni ni jambo lingine. Hiyo kwa kawaida huingia katika mfuko wa shirika. Na mwenye madeni asiyoweza kulipa hapokelewi, kwa hiyo mkopo wa Sacco umalizwe kwanza. Ajue pia kwamba akitoka baadaye hawezi kudai mshahara wa miaka aliyofanya kazi, ingawa shirika linaagizwa kumtendea kwa haki na upendo.

Na kama hakuna nyumba itakayompokea? Wako Wakatoliki wanaofuata kanuni ya shirika fulani huku wakikaa kwao. Tena Papa Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake wa mwaka 1996 juu ya maisha ya watawa, alitaja kwamba desturi ya kale ya kuwaweka wakfu wajane imeanza kurudi. Mjane wa namna hiyo aweza kubaki nyumbani kwake.

Nimemwandikia yule mama kwamba asimzuie dada yake, lakini amshauri angoje mpaka kitinda mimba amalize kidato cha nne na kupata mahali pa kwenda. Miaka hii miwili ni ya kuandika barua, kulipa deni na kutembelea. Jeanne naye alingoja.

Alinijibu juma lililopita. Anashukuru, na dada yake amekubali kungoja. Kisha akaongeza maneno mawili matatu chini ya sahihi yake. Yeye pia ni mjane, ana miaka 61. Katika 1 Timotheo 5 amesoma kwamba kanisa la kwanza lilikuwa na orodha ya wajane, na aliyeandikwa hakupaswa kuwa na umri wa chini ya miaka 60. Dada yake, anasema, angekuwa mdogo mno kwa Paulo. Lakini yeye amefika. Anauliza orodha ile katika kanisa letu iko wapi, na amwandikie nani.

Swali hilo nimelipeleka katika kikao cha wazee cha mwezi huu. Kabla hatujakutana tena hewani, someni Luka 2:36 hadi 38. Bwana awabariki.