Utangulizi: Fani Iliyoanzishwa na Mtu Aliyebadili Kazi

Katika kila kundi la wanafunzi wa ustawi wa jamii huwamo wachache waliowazidi wenzao umri. Mmoja alikuwa karani wa benki, mwingine alifundisha hesabu, mwingine aliuza vipuri Kariakoo. Wakipangiwa fildi kwenye kitengo cha tiba shufaa, yaani huduma ya kuwapunguzia maumivu na mateso wenye magonjwa makubwa, swali lao la kwanza ni kama hawajachelewa. Kitabu hiki nimekiandika nikiwafikiria wao kwanza, na jibu langu linaanzia kwa Cicely Saunders.

Saunders alikuwa muuguzi London wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Maradhi ya mgongo yakamtoa kwenye uuguzi, akasomea ustawi wa jamii wa hospitalini. Akiwa katika kazi hiyo alimhudumia David Tasma, mkimbizi wa Kiyahudi kutoka Poland aliyefariki kwa saratani mwaka 1948, mbali na kwao. Wawili hao walizungumza sana kuhusu mahali ambapo mtu anayekaribia kufa angetulizwa maumivu na kusikilizwa. Tasma alimwachia pauni 500 za kuanzia. Saunders akarudi darasani tena, akafuzu udaktari mwaka 1957, na mwaka 1967 akafungua St Christopher's Hospice. Vitabu vingi humtaja kama daktari, lakini mimi naona wazo la hospisi lilimjia akiwa ofisa ustawi wa jamii, kwa kuwa kazi hiyo ndiyo iliyompa nafasi ya kumuuliza mgonjwa habari za maisha yake.

Alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa ni ya mwili, ya nafsi, ya jamii na ya roho kwa pamoja. Barani Afrika hospisi zilianza na Island Hospice ya Harare mwaka 1979, kisha Nairobi Hospice mwaka 1990, na mwaka 1993 Dkt. Anne Merriman akaanzisha Hospice Africa Uganda. Hapa Dar es Salaam wagonjwa wengi wa saratani hupitia Taasisi ya Saratani ya Ocean Road.

Huku kwetu hayo maumivu ya jamii yana sura gani? Chukua mama wa Mbagala mwenye saratani ya shingo ya kizazi, aliyerudi nyumbani baada ya mionzi. Mofini ya maji anakunywa kila baada ya saa 4 kama alivyoelekezwa, na bado usiku analia. Dozi imeongezwa, hali ni ileile. Ofisa ustawi anafika, anakaa mkekani, anasalimiana na kila mtu, hana haraka ya kutoa dodoso. Baadaye sana, mama mkwe akishatoka kwenda jikoni, mgonjwa anasema: kiwanja alichonunua kwa fedha za umamalishe kimeandikwa jina la shemeji, na binti yake yuko kidato cha pili. Sasa kazi imeanza. Kuna kikao cha familia cha kuitisha, mwenyekiti wa serikali ya mtaa aliyeshuhudia mauziano wa kutafuta, wosia wa kuandika na kuupeleka kwa wakala wa serikali wa usajili na udhamini, RITA, na msamaha wa matibabu wa kufuatilia kabla vyombo vya ndani havijauzwa vyote. Dozi ni ya daktari na muuguzi. Haya ni yako.

Karani wa benki ataisoma karatasi ya mauziano na kuona kilichokosekana. Mwalimu ataweza kuzungumza na yule binti, ambaye kwa kawaida haambiwi lolote. Kwa hiyo msizitupe kazi zenu za zamani. Kinachowatesa wengi wenu ni mazoea ya kumaliza jambo. Hapa mgonjwa atafariki hata ukifanya yote sawasawa, na kazi yako itapimwa kwa wiki alizoishi na kwa hali ya familia arobaini ikishapita.

Kuna jambo jingine litakalokukuta mapema. Ndugu watakuvuta pembeni wakuombe mgonjwa asiambiwe ukweli. Usiwabishie, wala usiwaahidi. Wasikilize wanachokiogopa, kisha muulize mgonjwa mwenyewe anaelewa nini kuhusu ugonjwa wake na angependa kujua kiasi gani. Mara nyingi anajua kuliko wote waliomo nyumbani.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika kila watu 100 wanaohitaji tiba shufaa duniani, ni 14 tu wanaoipata. Karibuni basi, hamjachelewa. Ila kabla ya siku yako ya kwanza wodini, kaa na msimamizi wako mkubaliane ni nani utakayempigia simu jioni mgonjwa wako wa kwanza akifariki, na namba hiyo uwe nayo.